Kasoro Kumi na Moja

Baba yangu ni seremala, na hilo peke yake si kosa. Kosa ni kwamba hawezi kuuacha useremala nje pamoja na viatu. Ukimkaribisha kwako, kabla hajakuuliza habari za watoto, ameshapitisha kiganja kwenye fremu ya mlango na ameguna. Mguno huo unajulikana mtaa mzima. Jirani yetu mmoja alilihamishia kabati lake chumba cha nyuma kwa sababu ya mguno huo, na kabati lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Lilikuwa limechoka tu, kama sisi sote.

Ndani ya wiki tatu, Baba alikuwa ameshamkosesha dada yangu nyumba tatu.

Ya kwanza alimwambia mwenye nyumba kwamba ngazi zake zimejengwa na mtu mwenye mguu mmoja mrefu. Ya pili alivuta dirisha ili aone bawaba zake, akabaki na dirisha mkononi, akamkabidhi dalali taratibu kama anayerudisha mwavuli wa watu. Ya tatu sikuwepo, lakini Dada alirudi akajitupa kitandani na mkoba wake begani, kwa hiyo sikuuliza.

Dada ni mkunga. Miaka sita amekuwa msaidizi katika hospitali kubwa ya jijini, akiitwa "wewe" na madaktari ambao yeye ndiye aliyewaonyesha glavu zinapokaa. Sasa kituo cha afya cha kitongoji kimoja nje ya jiji kilikuwa kimempa nafasi ya kuongoza chumba cha uzazi. Kuongoza, si kusaidia. Sharti lilikuwa moja: aishi palepale kitongojini, kwa sababu watoto hawazaliwi kwa ratiba ya mabasi. Kutoka kwetu mpaka kule ni mabasi mawili na saa mbili, na hapo dereva awe na haraka zake binafsi. Mganga mkuu wa kituo alimpa mpaka Ijumaa saa kumi alasiri apeleke mkataba wa nyumba. Asipoupeleka, nafasi inakwenda kwa aliyemfuata kwenye usaili, ambaye, kwa maelezo ya Dada, anamshika mtoto mchanga kama chupa ya soda.

Kitongoji chenyewe ni kidogo, nyumba za kupanga ni za kuhesabu, na tatu tulishazichoma. Jumatano Dada akaenda peke yake bila kuaga, akapata ya nne: vyumba viwili na jiko, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la madaftari, dakika kumi na mbili kwa miguu mpaka kituoni. Kodi wakakubaliana. Alirudi anaimba chini chini, nikajua.

"Umepata," nikamwambia.

"Nimepata. Kimebaki kitu kimoja. Mwenye nyumba anataka kumwona mtu aliyenilea."

Nikatupa jicho karakanani, ambako Baba alikuwa anabishana na mguu wa meza.

"Mwambie umejilea mwenyewe."

"Si wa kumwambia hivyo. Alikuwa mkaguzi wa mizani."

Akanieleza. Huyo mama, kwa miaka thelathini kabla hajastaafu, alikuwa akizunguka masoko na maduka na sanduku lake la mawe ya kupimia, na wauza sukari wakimwona kwa mbali wanaanza kuwa waaminifu. Utaratibu wake wa kupangisha aliutoa huko huko kazini. "Mtu mzima anaweza kunidanganya nusu saa nzima bila kutoka jasho," alimwambia Dada. "Lakini aliyemlea, nikimpa chai na dakika kumi, lazima atamsema." Bila mlezi, hakuna mkataba.

Na aliyetulea ni Baba peke yake. Mama alifariki mimi bado natambaa, Dada yuko darasa la pili. Tumekulia karakanani, kati ya gundi na misumari.

"Tumpeleke baba mdogo," nikasema. "Yule anakubali kila kitu. Hata ukimwambia amekufa atakubali."

"Mdogo wangu, yule mama anakamata uongo wa gramu tano."

Basi Alhamisi jioni tukamweka Baba kikao. Dada akaanza kwa upole, kama anavyoanza na mama mwenye uchungu wa kwanza.

"Baba, kesho naomba usiseme neno lolote kuhusu nyumba."

"Kwani mimi huwa nasema nini?"

Tukamtazama wote wawili.

"Nimekusaidia," akasema. "Ulitaka ulale kwenye chumba ambacho dirisha linatoka mkononi?"

"Lilitoka kwa sababu ulilivuta, Baba."

"Dirisha zuri linavutwa."

Ilichukua saa nzima. Mwisho akala kiapo: hatasema neno kuhusu ukuta, sakafu, mlango wala bomba. Asubuhi nilimpekua mlangoni. Nikatoa pima maji iliyokuwa kwenye mkono wa koti, nikatoa futi ya kukunja, nikamvua hata ile penseli ya sikioni. Bila penseli alionekana kama mtu aliyenyolewa nyusi.

Tukafika saa saba na nusu. Mkaguzi alitupokea juu ya ngazi: mama mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na mkono wako akishausalimia haurudishi mpaka aujue uzito wake. Nyumba ilikuwa safi, kuta za kijani kibichi, tupu, isipokuwa kabati la jikoni na meza yenye viti vinne. Dada alisimama katikati ya sebule amekunja mikono, na nikaona kabisa kwamba kichwani ameshapanga kitanda kinakaa wapi.

Baba alikuwa kimya. Lakini mimi uso wake nausoma. Jicho la kushoto likisinyaa, ni ukuta. Yakisinyaa yote mawili, ni fundi bomba. Alipoingia jikoni aliyafumba kabisa, akasimama hivyo kwa muda kama mtu anayeombea marehemu. Hakuguna. Nilimwonea fahari.

Mkaguzi akashuka kwake, nyuma ya duka, kuleta chai iliyokuwa tayari. Hatua zake zilipopotea tu, Baba akaingiza mkono mfukoni, akatoa gololi ya kioo.

"Baba," akasema Dada.

"Sijasema neno."

Akaiweka sakafuni, akaiachia. Gololi ikatulia kidogo, kana kwamba nayo imeapishwa. Kisha ikajisogeza. Ikashika njia, ikapita chini ya meza, ikaongeza mwendo mbele ya viatu vyangu, ikaenda kugonga kona ya mbali: ko. Na mlangoni, na sinia la chai mikononi, alikuwa amesimama mwenye nyumba.

Akaweka sinia mezani, akaenda kwenye kona, akainama, akaiokota gololi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaitia mfukoni mwake.

"Kaeni," akasema.

Tukakaa. Akamimina chai, akavaa miwani, akamgeukia Baba.

"Wewe ndiye uliyemlea?"

"Ni mimi, mama."

"Nipe kasoro zake tatu."

Baba akafungua mdomo, akaufunga. Nikadhani anatunza kiapo, nikamnong'oneza, "Baba, hilo unaruhusiwa." Lakini halikuwa hilo. Alikuwa anamwangalia Dada vile anavyouangalia ubao sokoni kabla hajaununua: juu mpaka chini, kisha ubavuni, anatafuta fundo, anatafuta ufa. Chai yangu ilipoa. Dada akaanza kuona haya kama msichana wa darasa la sita.

"Hana," akasema Baba.

"Kila kitu kina kasoro, baba."

"Huyu hana."

"Miaka thelathini sijaona mzani usio na kasoro. Hata ya serikali ilikuwa nayo."

"Mizani siijui, mama. Huyu nimemtengeneza mwenyewe."

Nikakohoa. "Na mimi je?"

"Wewe tukianza," akasema Baba bila kunitazama, "mama huyu hatalala leo."

Mkaguzi hakucheka. Akaweka kikombe chini, sawasawa katikati ya kisahani.

"Haya. Na nyumba yangu?"

Dada akamtazama Baba, akatikisa kichwa polepole. Baba akajikaza kisabuni. Niliona shingo inavimba. Niliona vidole vinashika ukingo wa meza, na hapo hapo vinaanza kuupima.

"Nimeapa," akasema kwa shida.

"Nani alikuapisha?"

"Huyu binti."

"Nyumba ni yangu. Nakufungua mimi."

Maskini. Yakamtoka kama chafya ya tangu asubuhi. Sakafu ya sebule imelalia kona. Kipandio cha tatu cha ngazi ni kifupi kuliko wenzake. Dirisha la upande wa barabara limevimba, halifunguki. Mlango wa jikoni umekatwa chini ili kuficha kwamba umepinda juu. Akahesabu kwa vidole, akafika saba, akaegemea kiti, uso umemtulia. Baada ya hapo ndipo akamwona Dada.

Mkaguzi akasimama.

"Nimeelewa. Binti yako hana kasoro hata moja, nyumba yangu ina saba. Mzani wako, baba, umelala upande mmoja. Muuza sukari mwenye mzani huo nilikuwa namfungia duka." Akaanza kukusanya vikombe. "Chai maliza kwanza, usiharakishe. Lakini shahidi huyu simpokei."

Ilikuwa saa nane na nusu. Saa moja na nusu ilibaki, na kitongoji kizima hakikuwa na nyumba nyingine. Baba aliinuka nusu, akakaa, akainuka tena.

"Mama, usimhesabie yeye," akasema. "Mdomo ni wangu. Nyumba si mbaya. Ina... ina paa."

"Baba," akasema Dada, "nyamaza kidogo."

Nina miaka ishirini na miwili, na sentensi hiyo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu ikielekea upande ule. Dada alikuwa bado amekaa, mikono mezani.

"Si saba," akamwambia mwenye nyumba. "Ni kumi na moja."

Mkaguzi akaganda na kikombe mkononi.

"Bomba la jikoni linavuja kwa chini, si mdomoni," akaendelea Dada. "Swichi ya chumba kidogo inawasha taa ya choo. Kitasa cha mlango mkubwa kinazungushwa kinyume. Na dari ya chumba kikubwa ina alama ya maji, imepakwa rangi juu yake. Hizo nne Baba hajazifikia. Hizo saba nyingine anasema kweli."

Baba alimgeukia taratibu. Sijui niuelezeje uso ule. Mwanafunzi wake kampita, na hakujua kama alikuwa na mwanafunzi.

"Ulijua tangu lini?" akauliza Mkaguzi.

"Tangu Jumatano."

"Na ukaniambia unaipenda."

"Naipenda."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Aliyejua mzani wake ni mbovu akanyamaza, huyo ndiye nilikuwa namtoza faini kubwa kuliko wote."

"Mama," akasema Dada, kwa sauti ile ile ya kumpokea mgonjwa, "kabati la jikoni limewekewa kibao chini ya mguu wa kulia, kwa sababu ya sakafu. Kibao kimepakwa rangi ya kabati. Hakikujipaka."

Nikaangalia chai yangu. Kuna nyakati hata mimi huwa najua kunyamaza.

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nilikipaka mimi," akasema.

"Najua. Kimepakwa vizuri."

Mwenye nyumba akakaa. Dada akavuta pumzi.

"Uliuliza kasoro zangu tatu. Nikupe mwenyewe. Ya kwanza, nikitoka zamu ya usiku simsalimii mtu mpaka nilale. Ukinikuta kwenye ngazi asubuhi utadhani tumegombana. Ya pili, navunja vikombe. Sijui kwa nini. Mtoto wa nusu saa, mwenye utelezi wote ule, hajawahi kuniponyoka, lakini kikombe kikavu..."

"Vikombe vingapi?" akauliza Baba.

"Vile vya bluu ulidhani alivivunja nani?"

Baba akanitazama mimi.

"Miaka minne," nikasema. "Nimelaumiwa miaka minne, na mbele za wageni."

"Na ya tatu?" akauliza Mkaguzi.

Dada alikuwa anazungumza na mwenye nyumba, lakini maneno yalikuwa yanakwenda kwa mtu mwingine.

"Ya tatu ni kwamba nikikitaka kitu sana, nanyamaza. Kazi hii niliiomba mwezi mzima kabla Baba hajajua. Jumatano nilipokuja hapa nilimwambia nakwenda sokoni. Nimelelewa na mtu anayeiona kila kasoro. Nikajifunza kutomwonyesha ninachokipenda mpaka kiwe changu."

Baba aliangalia viganja vyake, kimoja, kisha kingine, kama anayetafuta kibanzi.

Mkaguzi akatoa mkataba kwenye droo ya meza, nakala mbili, akazigeuza nyuma ambako hapakuwa na maandishi, akamsogezea Dada na kalamu.

"Andika. Kumi na moja za nyumba upande huu, tatu zako upande ule. Tutasaini chini, asije mtu baadaye akasema hakujua alichopata."

Dada akaandika, haraka lakini vizuri, mwandiko wa kujaza kadi za kliniki. Baba akainama juu ya bega lake, anafuata kila mstari. Alipomaliza, nikaona jicho la kushoto la Baba limesinyaa.

"Iko ya kumi na..." akaanza.

"Itaje," akasema Mkaguzi.

Baba akamwangalia Dada. Dada hakutikisa kichwa safari hii. Alishika kalamu tu, anangoja, tayari kuandika.

"Hapana," akasema Baba. "Nimekosea. Hakuna."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kuhusu jengo, na haukuwa wa gramu tano, ulikuwa wa kilo nzima. Mkaguzi aliupokea, akaupima, akaupitisha.

Wakasaini wao wawili. Kisha kidole cha mama kikashuka kwenye mstari wa mwisho. "Mlezi asaini hapa."

Baba husaini stakabadhi za karakana bila kuzitazama, mkwaruzo mmoja na kazi inaendelea. Sasa alishika kalamu juu ya karatasi, akarekebisha kiti, akasoma upya jina la mwanawe mpaka mwisho. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na tano.

"Baba," nikasema, "saa."

"Naiona."

"Ukitaka nikushikie mkono..."

"Wewe bado sijakusamehe vikombe."

"Sikuvunja mimi."

"Ndiyo maana bado sijakusamehe. Sijui nikusamehe nini."

Akasaini. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja.

Dada akakunja nakala yake, akaitia kwenye mkoba, akaushika mkono wa Baba kwa viganja vyote viwili, akauachia, akatoka. Tukamsikia kwenye ngazi, kisha hatukumsikia.

"Ameondoka?" akauliza Baba.

"Amepeleka karatasi. Dakika kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi."

"Najua. Nimeuliza tu."

Lakini alikuwa ameshainuka, ameshafika kwenye dirisha la upande wa barabara, ameliwekea bega.

"Seremala," akasema Mkaguzi, "hilo liko kwenye orodha. Namba tatu. Lina mwenyewe sasa."

"Silitengenezi. Nataka kumwona akipita."

Mama akamfuata. Akamwondoa bega kwa mkono, akalinyanyua dirisha kidogo, akalisukuma kushoto, akalipiga kiganja kimoja cha chini. Likafunguka. Baba akaangalia jinsi alivyofanya, na Mungu ni shahidi wangu, hakuguna. Akatoa kichwa nje. Nami nikachungulia chini ya kwapa lake.

Dada alikuwa ameshafika mbele ya duka la mwisho, anakimbia na mkoba ameukumbatia kifuani, watu wanampisha.

"Anakimbia vibaya," akasema Baba. "Anautupa mguu wa kushoto nje. Ona. Tangu mdogo anautupa hivyo hivyo."

Nyuma yetu Mkaguzi alivuta kiti, akaichukua nakala yake, akafungua kalamu.

"Niiandike?"

Baba alingoja mpaka Dada akakata kona na barabara ikabaki na watu wengine tu.

"Iandike," akasema.